Bei ya Mti Iko Chini ya Mti

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wakata miti wa Dar es Salaam, yakaandikwa upya kwa ajili ya waliokosa kufika.)

Mwenyekiti, ndugu zangu wakata miti, wakwezi mliotoka upande wa pwani, vijana mnaoshika kamba, na nyie mafundi wa chenso: habari za asubuhi.

Nimepewa mada ya bei, na najua kwa nini. Mteja anapiga simu, hajataja hata mtaa, anauliza: "Mwembe mmoja unakata shilingi ngapi?" Na wengi wetu tunajibu hapohapo. Laki tatu. Laki mbili na nusu, karibu sana bosi. Kazi imeshaharibika kabla chenso haijawashwa, maana hatujui mwembe wenyewe umesimama wapi.

Leo nina jambo moja tu. Bei ya mti haiko kwenye mti. Iko chini yake: kuna nini pale utakapodondokea, na gogo likishafika chini litatokaje nje ya geti.

Chukueni miembe miwili ya mita 12, unene uleule wa sentimita 60. Wa kwanza uko kwenye kiwanja kitupu, pembeni kuna mita 25 za nyasi, na mwenyewe anataka kuni abaki nazo. Mkato wa mbele, mkato wa nyuma, uko chini. Saa mbili za kukatakata vipande, nusu siku imekwisha. Wa pili uko uani, umelalia bati, chini yake kuna simtanki, shimo la choo na ukuta wa jirani. Huo unapanda, unashusha tawi mojamoja kwa kamba siku mbili, na kila kipande kinabebwa kupita kwenye kichochoro. Nitawaonyesha hesabu baadaye. Tofauti ya bei ni mara sita, na mti ni uleule.

Kwa hiyo nenda ukaone. Na kwenda kuona nako kuna utaratibu wake, si kuinua shingo na kuguna.

Anza na vipimo viwili. Zungusha futi ya kamba kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, ugawanye kwa 3.14: mzingo wa sentimita 188 ni unene wa sentimita 60. Urefu upate kwa fimbo. Shika fimbo wima mbele yako, sehemu iliyo juu ya ngumi iwe sawa na umbali kutoka jicho lako hadi ngumi. Rudi nyuma mpaka ngumi ioane na mzizi na ncha ya fimbo ioane na kilele. Hapo uliposimama mpaka kwenye shina ndio urefu wa mti, mradi ardhi ni tambarare. Kazi ya dakika mbili, na inakuokoa na ile ya kusema mti una mita 10 halafu unakutana na 16 na kamba yako imeishia hewani.

Halafu gonga shina kwa kisogo cha shoka, kuzunguka lote. Mlio wa ngoma maana yake kuna uwazi ndani. Uyoga mgumu unaotoka kwenye kisigino cha mti ni habari mbaya zaidi, kwa sababu mizizi au shina la chini limeoza na huwezi kujua kiasi gani. Tazama ardhi: ikiwa imeinuka au imepasuka upande mmoja, mti umeshaanza safari. Tazama panda, yaani pale shina linapogawanyika mawili. Ufa wenye michirizi myeusi ya maji unasema panda hiyo inafunguka. Mti wa namna hiyo mtu hapandi juu yake. Unafanyiwa kazi kwa kreni au gari la kunyanyulia watu, na kodi ya gari inaingia kwenye bei kabla ya kitu kingine chochote. Mteja asipoikubali, mwachie mti wake.

Mnazi uliokufa kichwa nao usiupande hata ukiahidiwa nini. Wakwezi mnajua kwamba ngazi zilizochongwa kwenye shina la mnazi hazifungi kamwe, kwa sababu mnazi hauna ile tabaka ya chini ya ganda inayotengeneza mbao mpya na kufunika jeraha. Mvua inaingia pale miaka na miaka. Ongeza na chonga waliokula kwenye kilele. Kwa nje shina liko wima, kwa ndani ni unga.

Wadudu pia ni sehemu ya bei. Majimoto kwenye mwembe au mkorosho watakufanya uachie mikono juu. Nyuki ni hatari ya kweli. Kaa dakika kumi chini ya mti bila kuongea, tazama mashimo ya shina na matawi makavu, uone kama kuna msururu unaoingia na kutoka. Nyuki wetu hawapendi mlio wa chenso wala mtikisiko wake, na mtu aliyejifunga kamba mita 9 juu hawezi kukimbia. Wakiwepo, tafuta mrina asali awahamishe usiku, na gharama yake iandikwe peke yake. Utomvu nao usiudharau: wa mwembe unawasha ngozi za wengine vibaya, wa mkorosho unababua, na wa mnyaa ukiingia jichoni ni hospitali. Ua wa mnyaa usiguswe bila miwani.

Sasa nyaya. Mjini kwetu mti usio na waya karibu ni bahati. Jifunze kutofautisha: laini za kilovolti 33 na 11 ziko juu kwenye nguzo na vikombe vikubwa vya kuzuia umeme, za volti 400 ziko chini yake, na ule waya uliovikwa plastiki unaingia nyumbani kwa mtu. Tawi bichi limejaa maji, na maji hayo yanapitisha umeme. Si lazima uuguse waya kwa mkono. Umbali unaotumika sana kwa mtu asiye fundi umeme ni mita 3 kutoka laini za mpaka kilovolti 50, ukihesabu ncha ya tawi litakapokuwa linaanguka, si pale lilipo sasa hivi. Ndani ya hapo ni TANESCO wazime, na kuzima ni kwa miadi. Miadi huahirishwa. Weka kwenye karatasi yako ya bei mstari unaosema siku ya kusubiri umeme inalipiwa kiasi gani, la sivyo utawalipa vijana wanne kucheza bao.

Ukimaliza juu, inamisha kichwa, maana bei yenyewe ndiyo iko hapa. Bati au vigae? Kigae kimoja kikivunjika hakipatikani tena rangi ileile. Pevingi? Gogo la kilo 100 likitua kwa ncha linaacha shimo. Bomba la maji limepita wapi? Mfuniko wa shimo la choo uko wapi? Huu mfuniko ndio unaosahaulika kuliko vyote. Mwenye nyumba mwenyewe hakumbuki, majani yameufunika, na zege yake ina miaka ishirini. Muulize, ufagie, uuone kwa macho, uuwekee alama ya chaki. Hakuna gogo linalodondoshwa wala kuviringishwa juu yake.

Halafu pima njia. Kutoka kwenye mti hadi gari litakaposimama ni mita ngapi? Geti lina upana gani, kirikuu itaingia au Canter itabaki barabarani? Kuna ngazi? Hapa uzito ndio unaamua, kwa hiyo tusimame kidogo kwenye uzito.

Mti mbichi kama mwembe uhesabu kilo 900 kwa meta moja ya ujazo. Gogo la unene wa sentimita 30, urefu mita moja, lina kilo kama 64. Watu wawili wanalibeba. Gogo la sentimita 60, urefu uleule, halina kilo 128 kama wengi wanavyodhani. Lina 255. Unene ukizidi mara mbili, uzito unazidi mara nne. Kwa hiyo shina la sentimita 60 ukitaka libebwe na watu wawili, kila kipande kiwe sentimita 25, si zaidi. Shina la mita 4 ni vipande 16. Vipande 16 mara mita 40 za kichochoro kwenda, mita 40 kurudi, na watu ni wawili. Hiyo ni saa moja na nusu mpaka mbili, na ni shina tu, hatujagusa matawi. Mkadiriaji asiyejua hesabu hii anaandika "kusomba, elfu hamsini".

Uzito huohuo ndio unaokata kamba. Kipande cha kilo 100 kikining'inia kimetulia, kamba inabeba kilo 100. Kikidondoka mita moja kabla kamba haijakaza, kamba inapata mshtuko wa mara kadhaa ya huo uzito, na tawi ulilofungia nalo linapata zaidi, kwa sababu linavutwa na pande zote mbili za kamba. Ndiyo maana mshika kamba mzuri hasimamishi gogo ghafla. Anaizungusha kamba kwenye shina mara mbili au tatu, anaiachia ipite huku ikisugua, gogo linapunguza mwendo lenyewe. Mzunguko mmoja ni mdogo, kamba itamkimbia na kumchana viganja. Na asiizungushe mkononi. Kamba ya plastiki ya buluu ya dukani haifai kushushia: jua linaila, na msuguano unaiyeyusha. Katani inaoza ndani huku nje inang'aa. Nunua kamba ya nailoni au poliesta yenye karatasi inayosema nguvu yake, na ile ya kupandia mtu isitumike kushushia gogo hata siku moja.

Niseme kidogo juu ya kuangusha, kwa wale wanaopata bahati ya kiwanja kitupu. Mkato wa mbele, yaani lile pengo la kabari upande ambao mti utaangukia, uingie robo ya unene, usizidi. Mkato wa nyuma uwe juu kidogo ya kona ya mkato wa mbele, sentimita 3 hivi. Katikati uache bawaba, yaani ule ukanda wa mbao usiokatwa, upana wake moja ya kumi ya unene: mti wa sentimita 60, bawaba ya sentimita 6, sawa kushoto na kulia. Bawaba ndiyo inayoongoza mti. Ukiikata yote mti unakwenda unakotaka wenyewe, na mara nyingi unakotaka ni kwenye nyumba. Njia yako ya kukimbilia ni nyuma, kimshazari, imefyekwa kabla. Watu wengine wakae mbali kwa urefu wa mti mara mbili.

Mti ulioinama sana mbele una hatari yake. Mkaratusi na mgrevilea hupasuka kwa urefu kabla hujamaliza mkato wa nyuma, na nusu ya nyuma inapaa juu kwa nguvu ya kuua. Kwa mti huo, chomeka ncha ya chenso katikati ya shina nyuma ya bawaba, ukate kuelekea nyuma, ubakize ukanda mdogo mwishoni, halafu huo ukanda ndio unaukata wa mwisho ukiwa umesimama pembeni. Anayechomeka ncha aanze na sehemu ya chini ya ncha. Robo ya juu ya ncha ya ubao wa chenso, ule unaobeba mnyororo, ikigusa mti, mashine inarushwa usoni. Hapo breki ya mnyororo ndiyo inayokuokoa, na zile chenso kubwa za zamani mnazozipenda kwa nguvu zake nyingi hazina breki hiyo. Ni kilo kumi na ushee za chuma. Pasulieni mbao chini, msipande nazo.

Kupogoa. Nasikitika kusema hapa ndipo tunapojiharibia soko wenyewe. Mteja anasema, "Kata kichwa chote, kifupike." Tunakata. Mti unabaki visiki vinne vikiangalia mbingu, na baada ya miezi mitatu umejaa machipukizi. Machipukizi hayo yamejishika kwenye ganda la juu tu, hayajazaliwa kutoka ndani ya tawi. Yanakwenda juu haraka, yananenepa, huku kisiki chini yake kinaoza, na miaka michache baadaye upepo wa kusi unayadondosha juu ya bati lilelile tulilolipwa kuliokoa. Mwambie mteja hivyo. Punguza matawi kwa kuyarudisha kwenye tawi dogo lililo hai, usiondoe zaidi ya robo ya majani kwa mara moja, na umpe bei ya kurudi kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mteja wa kurudi ana thamani kuliko mti mmoja uliokatwa kichwa.

Tawi zito linakatwa mara tatu. Kwanza chini, sentimita 30 kutoka kwenye shina, robo ya unene. Pili juu, sentimita chache mbele zaidi, mpaka tawi lidondoke. Hapo limebaki gutu jepesi, ganda halijachanika kwenda chini ya shina. Mara ya tatu unaondoa gutu, nje kidogo ya ule uvimbe unaozunguka kitako cha tawi. Uvimbe huo usikatwe. Alex Shigo, mtafiti wa idara ya misitu ya serikali ya Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa chenso ili aone ndani, akaonyesha kwamba mti hauponi kama ngozi yetu: unajenga kuta kuzunguka sehemu iliyooza na kuendelea kukua nje yake, na uvimbe huo ndio wenye kazi ya kujenga. Na rangi au oili chafu tunayopaka juu ya jeraha haizuii kuoza. Inapendeza macho ya mteja tu. Msiipake, na msiitoze.

Mwembe upogolewe baada ya mavuno. Kwetu Dar msimu mkubwa ni Novemba mpaka Januari, na maua yanakuja katikati ya mwaka, kwenye ncha za vitawi vilivyokomaa. Ukimkatia mtu mwembe wake Mei, umemkatia maembe yake, na hatakuita tena.

Tufike kwenye hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano, kila mmoja aweke zake, lakini mistari isipungue.

Siku moja ya kazi ya yule mwembe wa uani. Mpandaji 70,000, mshika kamba 35,000, vibarua wawili 50,000, chakula na maji 20,000. Hiyo ni 175,000. Petroli lita 6 kwa 3,000, ni 18,000. Oili ya tustroki mililita 120 kwa hizo lita 6, tuseme 3,000. Oili ya mnyororo lita 3, 18,000. Jumla 39,000. Mpaka hapa wengi wetu tunaishia, tunaongeza kidogo cha juu, tunataja bei.

Sasa mashine inakuja na madai yake. Chenso ya 1,800,000 ikikufanyia siku 300 za kazi, kila siku imekula 6,000. Matengenezo, weka 6,000 nyingine. Mnyororo wa 60,000 unaomaliza siku 12, ni 5,000. Kamba, mkanda wa kupandia, kofia ngumu na suruali ya chenso, tuseme 900,000 kwa siku 150, ni 6,000. Jumla 23,000. Siku sasa ni 237,000.

Halafu kuna pango la kijistoo, simu, nauli za kwenda kuona kazi ambazo hukupata. Tuseme 300,000 kwa mwezi. Hapa watu wanagawanya kwa siku 26 na ndipo wanapokufa. Mwezi wetu hauna siku 26 za kukata. Kuna mvua, kuna chenso mbovu, kuna kufuatilia kibali, kuna siku nzima za kukadiria tu. Gawanya kwa 12. Ni 25,000. Siku moja ya kazi inakugharimu 262,000 kabla hujapata faida ya senti.

Siku mbili ni 524,000. Canter safari tatu kwenda dampo la Pugu Kinyamwezi kwa 90,000, ni 270,000. Kufuatilia kibali 30,000. Tumefika 824,000. Dharura asilimia 10, ni 82,400: jumla 906,400. Faida asilimia 20 juu yake, 181,280. Bei ni 1,087,680, andika 1,100,000.

Yule mwembe wa kiwanjani: nusu siku 131,000, hakuna gari. Dharura asilimia 10, faida asilimia 20, ni 172,920. Andika 180,000 na ufurahi.

Akitokea mwenzetu akasema huo wa uani anaukata kwa 400,000, msimtukane. Kaeni mhesabu ameacha nini. Ameweka vijana siku mbili 350,000 na petroli, basi. Chenso ikinoki hana ya kununulia nyingine. Kigae kikivunjika, simu yake haitapatikana.

Dharura ile asilimia 10 msiitoe kama punguzo. Ina wenyewe. Mmoja wao ni msumari. Miti ya uani imejaa misumari ya kamba za nguo, waya za antena, ndoano za bembea za watoto waliokwisha kuoa. Mnyororo ukigusa msumari mmoja, meno ya upande mzima yamekwenda. Andikeni wazi kwamba chuma kilichomo ndani ya mti ni gharama ya mwenye mti.

Safari za gari zinapunguzwa na msumeno, si na kubembeleza dereva. Matawi yakipakiwa yalivyo, Canter imebeba hewa. Yakate urefu wa mita moja na nusu, vitako vyote upande mmoja, mtu apande juu akanyage, halafu magogo yakae juu kukandamiza. Safari nne zinakuwa tatu.

Na kuni. "Kuni ni zako, sasa nipunguzie." Kuni mbichi za mwembe si pesa, ni mzigo. Zinageuka pesa siku umemfikishia mnunuzi, na kabla ya hapo kuna gari, kuna mahali pa kuanikia, na ukipakia magogo au mkaa kuna kizuizi barabarani na swali la hati ya kusafirishia mazao ya misitu. Punguza kama tu una mama lishe au fundi mbao aliyekwisha sema atachukua, na upunguze kwa kiasi atakacholipa yeye.

Kibali chenyewe, anzeni serikali ya mtaa, mwende kwa afisa mazingira au misitu wa manispaa. Mti ulio nje ya ukuta, kwenye hifadhi ya barabara, si wa mwenye nyumba hata kama yeye ndiye aliyeupanda na kuumwagilia. Ni wa wakala wa barabara, TARURA au TANROADS, kutegemea barabara. Atakayeulizwa siku ya siku ni yule aliyeshika chenso.

Malipo. Mti ukiwa umesimama juu ya bati, mteja hana usingizi, anakupigia saa kumi na moja alfajiri. Mti ukishalala, haraka yake imekwisha, ni wewe sasa unayepiga. Kwa hiyo chukua asilimia 40 kabla ya kupanda, 40 mti ukiwa chini, na 20 gari la mwisho linapotoka. Karatasi iandike: kisiki kinabaki sentimita ngapi, magogo yanakwenda au yanabaki, majani madogo yanafagiwa na nani. Kung'oa kisiki kiwe mstari wa peke yake siku zote. Kisiki cha sentimita 60 ni sururu na shoka, watu wawili, siku moja mpaka mbili, na mizizi ikiwa imeingia chini ya ukuta usiahidi kitu. Wanaokimwagia maji ya betri wanaharibu udongo.

Kampuni ikikuajiri, itakata asilimia 5 ya malipo kama kodi ya zuio. Kwenye 1,100,000 unapokea 1,045,000. Hujaibiwa, dai hati ya zuio, maana inapunguza kodi yako mwisho wa mwaka. Lakini kama hukujua, hiyo 55,000 umeshaitumia kichwani. Wenye wafanyakazi, mchango wa WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ni asilimia 0.5 ya mishahara. Kwa watu wanaofanya kazi mita 10 juu na chenso mkononi, sioni bima ya bei nafuu kuliko hiyo.

Mlinzi na dalali wanataka cha juu. Sitahubiri. Kama unampa, aingie kwenye hesabu kama mstari, si kutoka kwenye kamba mpya uliyotakiwa kununua. Na asiyekubali kabisa kutoa, hilo nalo linawezekana, ila atapoteza kazi kadhaa.

La mwisho ni mafuta na mnyororo, kwa sababu nusu ya muda tunaopoteza unapotelea hapo. Petroli kwa oili nzuri ya tustroki ni 50 kwa 1, yaani mililita 20 kwa lita. Oili ya kawaida, 25 kwa 1, mililita 40. Fuateni kitabu cha mashine. Kukisia kwa kizibo cha soda ndiko kunakonokisha injini. Mnyororo wa inchi 3/8 wa kawaida unataka faili ya milimita 5.2, wa inchi .325 unataka 4.8. Pembe iwe nyuzi 30, sukuma kwenda mbele tu, mara mbili au tatu kwa kila jino, kila unapojaza tangi. Hesabu mara zilezile pande zote. Upande mmoja ukiwa mfupi, mkato unapinda kama ndizi. Kile kijiwe kilicho mbele ya jino kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65. Kikizidi juu, mnyororo hauli. Ukikishusha sana, unang'ata na kurusha. Tazameni vumbi: chenso ikitoa vipande kama nafaka, iko sawa. Ikitoa unga, zima. Anayeendelea kukandamiza mnyororo butu anachoma oili, klachi na mgongo wake mwenyewe.

Faili za saizi zote mbili ziko kwenye meza ile pale, na jiliwa mbili zimefungwa tayari. Walio na minyororo butu waje nayo sasa, wengine leteni karatasi zenu za bei tuzipitie mstari kwa mstari kabla ya chakula.